Nyumba ya shamba ya mawe: maji yaingie wapi, yatokee wapi

Ukitoka Mji Mkongwe wa Unguja ukafuata barabara ya pwani kwenda kaskazini, baada ya kilomita chache unapita Maruhubi, kisha Mtoni. Ukipanda ndani ya kisiwa, kwenye mashamba ya karafuu, iko Kidichi. Katikati ya kisiwa iko Dunga. Mtoni ilikuwa makao ya shamba ya Sayyid Said bin Sultan, na ndiko alikozaliwa bintiye Sayyida Salme mwaka 1844. Maruhubi aliijenga Sayyid Barghash mwanzoni mwa miaka ya 1880, ikaungua mwaka 1899. Kidichi ni hamamu, yaani nyumba ya kuogea, iliyojengwa mwaka 1850 kwa ajili ya mke wa Kiajemi wa Sayyid Said. Dunga ilikuwa ya Mwinyi Mkuu, mtawala wa jadi wa Unguja. Leo zote ni magofu au nusu magofu, na zote ni majengo ya kale yanayolindwa na sheria.

Mgeni akifika huangalia matao na nguzo. Fundi wa chokaa huanza na kutazama juu, kisha chini: maji ya mvua yanaingilia wapi, na yakishaingia yana njia gani ya kutoka. Kwa nyumba za aina hii hilo ndilo swali la kwanza, na mara nyingi ndilo la mwisho. Moto umeangusha chache, wezi wa mawe wamebomoa baadhi, lakini kinachoziua nyingi ni maji yaliyofungiwa ndani ya ukuta.

Ukuta wenyewe uujue kwanza. Unene wake kwa kawaida ni sentimita 50 hadi 60, na chini huzidi. Una nyuso mbili za mawe ya matumbawe ya nchi kavu, yasiyo na umbo maalumu, na kati yake pamejazwa vijiwe, chokaa na udongo mwekundu. Kwa kuwa mawe hayakuchongwa, hayakaliani vizuri, na sehemu kubwa ya ukuta ni mchanganyiko wa kujazia, wala si jiwe. Mchanganyiko huo ni dhaifu. Ukiuchokoa kwa msumari unatoka unga. Nguvu ya ukuta iko katika uzito wake, katika mawe marefu yanayofunga uso wa ndani na wa nje, na katika ngozi ya lipu ya chokaa inayouvika pande zote. Ndiyo maana si sahihi kuivua lipu ili "mawe yaonekane", kama wafanyavyo wenye hoteli wengi. Jiwe la kujengea lilichaguliwa kwa kujua kwamba litafunikwa. Likiachwa wazi, misimu michache ya masika inatosha kuusafisha udongo uliomo kati ya mawe.

Kwenye kingo za milango, matao na vidaka, vile vishubaka vya ukutani, hutumika jiwe jingine: tumbawe la baharini, linalotolewa likiwa bichi na laini, likachongwa kwa shoka, kisha likaachwa likauke na kukakamaa. Ni jepesi na lina matundu madogo mengi. Usilibadilishe na jiwe zito la zege ati kwa sababu lina sura ileile.

Upana wa vyumba huamuliwa na mti. Boriti za mkoko zinazopatikana kwa urefu unaofaa hubeba nafasi ya mita mbili na nusu hadi tatu, zaidi ya hapo hunepa. Kwa hiyo vyumba vikawa virefu na vyembamba, kuanzia nyumba za Lamu mpaka majumba ya wafalme Unguja. Aliyetaka ukumbi mpana ilimbidi aweke nguzo katikati au alete mbao za msaji kutoka ng'ambo. Kwenye gofu unaweza kuusoma mpangilio huo hata kama hakuna mti uliobaki: tafuta safu ya matundu ukutani. Kimo chake ni kimo cha sakafu iliyokuwepo, na kina chake kinakuonyesha boriti iliingia ukutani kiasi gani, na kuingia huko kusipungue sentimita 15. Pasipo na matundu, bali pana ukingo wa ukuta uliopungua unene, hapo mbao ililala juu ya ukingo huo. Vipimo hivi viandike kabla hujagusa kitu, maana fundi wa kwanza atakayekuja na saruji atayaziba matundu hayo.

Maruhubi inafundisha jambo hili vizuri. Nguzo nene za mawe zilizobaki zimesimama zikiwa hazina kitu cha kubeba. Juu yake palikuwa na kazi ya mbao, moto ukaila, mawe yakabaki. Anayepita anadhani nguzo ndizo zilizokuwa jengo, kumbe zilikuwa miguu yake tu.

Sasa juu ya boriti. Hupangwa mawe bapa ya kuziba nafasi kati ya boriti na boriti, kisha humwagwa kokoto za matumbawe zilizochanganywa na chokaa, unene wa sentimita 15 mpaka 30. Hiyo ndiyo sakafu, na ya juu kabisa ndiyo dari inayopokea mvua. Haiachwi ikauke yenyewe. Hupigwa kwa vipande, vile vigongo vya mbao, watu wamejipanga mstari, wakiimba ili mapigo yaende pamoja. Kupiga si kushindilia tu. Chokaa inapokauka hunywea na kutia nyufa. Kipigo huzifunga nyufa hizo zingali changa na kupandisha uji laini wa chokaa juu, ukawa kama kioo kisichopitisha maji. Kazi hii huchukua siku kadhaa mfululizo, huku sakafu ikinyunyizwa maji. Kosa la siku hizi ni kupiga asubuhi moja, ikionekana ngumu ikaachwa. Baada ya mwezi ina nyufa kama udongo wa bondeni, na maji yanapita.

Dari hii haiko sawasawa hata kidogo. Ina mwinuko mdogo unaopeleka maji kwenye milizamu, na mlizamu hutokeza nje ya ukuta nusu mita au zaidi ili maji yaanguke mbali. Piga hesabu: mvua ya milimita 50 kwenye dari ya mita za mraba 100 ni lita 5,000. Mvua kama hiyo masika huweza kunyesha siku moja. Mlizamu ukizibwa na majani, au ukikatwa ufupi kwa sababu unamwagia jirani, maji yote hayo yanateremka na uso wa ukuta au yanasimama juu ya boriti. Nimeshika mtarimbo na mwiko miaka mingi kiasi cha kuamini kwamba nusu ya fedha za matengenezo zingeokolewa na mtu mmoja mwenye ngazi na fagio mara mbili kwa mwaka: kabla ya masika na kabla ya vuli.

Nyumba nyingi zilikuja kuezekwa mabati juu ya dari ya zamani. Si jambo baya. Paa la mabati lenye mteremko mzuri limeziokoa nyumba nyingi. Ubaya huja pale mabati yanapotoboka bila mtu kuona, kwa sababu kati ya bati na dari ni kiza na hakuna anayepanda. Maji yanadondokea mahali palepale kwa miaka, na chini yake kuna ncha za boriti.

Hapo ndipo mlolongo wa kuanguka unapoanzia, na kila anayetunza nyumba ya namna hii anapaswa kuujua kwa moyo. Boriti haiozei katikati, inaozea ndani ya ukuta, mahali ambapo hewa haifiki. Kwa nje inaonekana nzima. Mchwa na bungua hufuata unyevu. Ncha ikishalegea, sakafu inashuka kidogo, na boriti, iliyokuwa kama kamba ya kuufunga ukuta wa huku na wa kule, haishiki tena. Ukuta mrefu usio na kitu cha kuushika unaanza kutoka tumbo. Uso wa nje unaachana na uso wa ndani, vijiwe vya kati vinateremka na kujaza nafasi, navyo vinazidi kuusukuma. Siku moja, mara nyingi usiku baada ya mvua, uso wa nje unamwagika. Mtu husema nyumba imeanguka ghafla. Haikuanguka ghafla.

Kupima ncha ya boriti hakuhitaji mashine. Chukua bisibisi ndefu, isukume kwenye mti sentimita chache tu kutoka ukutani, pande zote na hasa juu. Ikizama zaidi ya sentimita moja bila nguvu, hesabu mti huo umekwisha. Gonga kwa nyundo ndogo kuanzia katikati kuelekea ukutani, sauti ikibadilika kuwa butu weka alama. Kabla ya kutoa boriti, tegemeza sakafu kwa nguzo za chini kabisa mpaka ardhini, si kwenye sakafu inayofuata ambayo nayo huenda imechoka. Badilisha moja moja, ukiruka: ya kwanza, ya tatu, ya tano, ndipo urudi. Boriti mpya iwe kavu, imemenywa gome, na ncha zake zisizibwe kabisa kwa mchanganyiko: acha upenyo wa kidole pembeni na nyuma ili upate hewa. Ncha kuifunga kwa nailoni au kuipaka lami nzito ni kuifungia unyevu ndani.

Uzito nao huua. Sakafu ya zamani ni nzito tayari, zaidi ya kilo 300 kwa kila mita ya mraba. Ukimwaga juu yake zege la sentimita tano "kuzuia kuvuja", umeongeza takriban kilo 110 kwa kila mita ya mraba. Kwa dari ya mita za mraba 100 ni tani 11. Tangi la maji la lita 2,000 ni tani mbili zimekaa mahali pamoja. Na zege halitazuia kuvuja. Linapata moto mchana, linapoa usiku, linapasuka mistari myembamba, maji yanaingia kwenye mistari hiyo, lakini chokaa iliyo chini haiwezi tena kuyatoa kwa jua.

Hilo ndilo kosa la saruji kila mahali inapowekwa juu ya chokaa. Ukuta wa chokaa hulowa na kukauka, hulowa na kukauka. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hutokea usoni na kupeperuka, ukiacha chumvi kwenye lipu. Lipu inachakaa, unaiondoa, unapiga nyingine. Lipu imekufa kwa niaba ya jiwe, na hiyo ndiyo kazi yake. Ukiweka lipu ya saruji, unyevu hauna pa kutokea. Unapanda juu zaidi, ukuta uliokuwa umelowa nusu mita sasa unalowa mita moja na nusu. Chumvi inajikusanya nyuma ya saruji, inaganda, inavimba, na siku saruji inapobanduka inatoka kama sahani kubwa ikiwa imebeba uso wa mawe. Rangi za plastiki hufanya vivyo hivyo, polepole kidogo. Chuma nacho ni adui: nondo au bomba lililozikwa ukutani karibu na bahari hupata kutu, kutu inahitaji nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, na jiwe laini la matumbawe linapasuka.

Saruji iliyokwisha kupigwa uitoe kwa tindo ndogo, si kwa mashine. Ikiwa inatoka na uso wa jiwe, iache hapo mpaka ilegee yenyewe. Ni vigumu kumweleza mwenye mali jambo hili, lakini jiwe lililobanduka halirudi.

Chokaa nzuri huanzia kwenye tanuu. Magogo hupangwa duara, matumbawe juu, moto ukawaka mpaka jiwe lifikie joto la karibu nyuzi 900 za selsiasi. Hapo hutoa hewa yake ya kaboni na kupungua uzito kwa zaidi ya theluthi. Kuvunja miamba hai ya bahari ili kuchoma chokaa kusirudiwe, mawe ya nchi kavu yanatosha. Jiwe lisiloiva lina kiini kigumu katikati. Lililoungua kupita kiasi ni hatari zaidi, kwa sababu huchelewa kuzimika: linapigwa ukutani likiwa bado lina vipunje vyenye kiu, na wiki kadhaa baadaye lipu inatoka vishimo kama ndui. Dawa ni kuzima kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, mengi, kuchekecha kwa chekecheke la milimita tatu, na kuilaza chokaa ndani ya shimo au pipa ikiwa imefunikwa na maji. Miezi mitatu ndiyo ya chini. Ikilala mwaka inakuwa kama siagi. Chokaa ya mfuko ipime kwanza: weka kijiko kimoja sahanini, kamulia ndimu. Ikichemka povu jingi, imekwisha kurudi kuwa unga wa jiwe kwa kukaa ghalani, haitashika.

Mchanga uwe wa nchi kavu, wenye chembe kubwa na ndogo, umeoshwa. Mchanga wa pwani unaingiza chumvi uliyokuwa unaikimbia. Kwa lipu, chokaa kipimo kimoja kwa mchanga vipimo viwili na nusu hadi vitatu. Pale penye unyevu mwingi, ongeza nusu kipimo cha unga wa matofali ya kuchoma, unaifanya chokaa ishike hata pasipo hewa nyingi. Ukuta uloweshwe tangu jana yake. Mashimo makubwa uyazibe kwa vijiwe vilivyobanwa na chokaa kidogo, usiyajaze kwa mchanganyiko mtupu. Kisha tabaka, kila moja lisizidi sentimita moja. Subiri mpaka kucha ya kidole gumba isiache alama ndipo upige jingine, kwa kawaida wiki moja au zaidi. Mwisho neru, yaani lipu laini ya chokaa, milimita mbili tatu, ikasuguliwa. Juu yake chokaa ya kupaka, nyepesi kama maziwa, mikono minne au mitano. Mkono mmoja mzito hubabuka.

Msimu mzuri ni kipupwe, Juni hadi Septemba, mvua zikiwa zimepungua na jua si kali. Lakini upepo wa kusi hukausha haraka, na chokaa inayokaushwa haraka haigandi, inabaki unga. Inahitaji hewa na unyevu pamoja ili igeuke jiwe tena. Kwa hiyo tundika magunia mbele ya ukuta, yaloweshwe mara tatu au nne kwa siku, angalau siku saba. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa sababu mkandarasi ameshalipwa na mtu wa kumwagia maji magunia ameshaondolewa.

Kwenye nyufa, usikimbilie kuziba. Weka alama ya neru juu ya ufa, andika tarehe, soma kila mwezi kupitia masika na vuli. Alama isipopasuka, ufa ni wa zamani na umetulia: ukwangue, uloweshe, ubane kwa vijiwe. Ikipasuka, tafuta kinachosogea kwanza. Ukuta uliotoka tumbo na unaolia mtupu ukigongwa hujazwa uji wa chokaa kwa mpira na faneli, kuanzia chini, kimo cha nusu mita kwa siku. Ukimimina zaidi, uzito wa uji wenyewe unausukuma uso wa nje. Mimea iliyoota ukutani, hasa ya jamii ya mkuyu, isivutwe. Kata shina, paka dawa kwenye jeraha papo hapo, acha mizizi ife, kisha toa jiwe moja moja ukiwa umeliandika namba.

Kidichi inahitaji mkono wa aina nyingine. Mle kwenye kuta na kuba muna nakshi za neru, maua na mitende na ndege, kwa mtindo wa Kiajemi. Usipake chokaa juu yake hata kidogo. Kila mkono unaziba kingo, na baada ya mikono kumi ua limekuwa donge. Safisha kwa brashi laini kavu, na nguvu zote zipeleke juu ya kuba kwa nje, kuhakikisha hazivuji.

Kuhusu sheria. Unguja, jengo la kale liko chini ya idara ya makumbusho na mambo ya kale, na ndani ya Mji Mkongwe kuna mamlaka yake ya uhifadhi iliyoundwa mwaka 1985. Tanzania Bara, sheria ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyosimamishwa kabla ya mwaka 1863. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2006. Kote, usibadilishe, usichimbe wala usihamishe jiwe bila idhini ya maandishi. Maombi yanayokwenda haraka ni yale yenye ramani ya 1:50, michoro ya sehemu kwa 1:20, picha zenye fimbo ya kipimo, na maelezo ya mchanganyiko utakaotumia. Katika barua hiyohiyo omba ruhusa ya kutegemeza kuta na kuweka paa la muda la makuti au turubai, kwa sababu mvua haingojei kikao. Ulinzi wa karatasi peke yake hautoshi: Beit el Ajaib, lile jumba la maajabu la Mji Mkongwe, yenye sheria na iliyomo ndani ya eneo lililoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafa.

Tena nyumba ya shamba si kuta za nyumba tu. Birika, visima, hamamu, ukuta wa ua, njia ya maji, miembe ya mbele ya nyumba, vyote ni jengo moja. Ukiruhusu ardhi ya pembeni ikajazwa kifusi na kuinuka juu ya sakafu, maji yatageuka kuingia ndani hata kama dari ni nzima. Udongo wa nje ushuke angalau sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani, na kuuchimba huko kufanywe mbele ya mtaalamu wa mambo ya kale, maana vigae na misingi ya awali vimo humo humo.

Mvua kubwa ya kwanza ya masika ikianza, usikae nyumbani. Chukua tochi, chaki na daftari, uingie katika nyumba unayoitunza maji yakiwa bado yanamwagika. Anza darini, chungulia chini ya mabati, kisha shuka ghorofa kwa ghorofa. Kila tone utakaloliona, zungushia chaki ukutani na uandike saa. Toka nje utazame kila mlizamu unamwaga wapi. Rudi siku ya tatu mvua ikiwa imekatika, upime ni duara zipi zimekauka na zipi bado ni baridi ukizigusa. Hizo za baridi ndizo utakazoanza nazo kazi.